Meza ya chakula Ngara na Biharamulo: Faida imo katika mbao kavu

MEZA ya chakula iliyotoka kwa fundi mwezi Mei ikiwa imenyooka na kung'aa, mwezi Agosti inaweza kuwa na ufa wa kupitisha sarafu. Mwenye meza humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza mbao, na muuza mbao husema mbao zake zilikuwa nzima zilipoondoka kwake. Lawama zina watu watatu, lakini hasara ina mwenyewe mmoja: fundi, ambaye atairudisha meza uani kwake na kuitengeneza upya kwa fedha zake.

Kwa wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, hili ni jambo la kibiashara kuliko la ufundi. Karakana nyingi za samani ziko majumbani: banda la mabati, meza ya kazi, randa, misumeno, patasi, na mtaji usiozidi bei ya seti mbili au tatu. Seti ya meza na viti sita, ambayo mafundi huiita "dainingi", ni moja ya kazi kubwa ambazo karakana ya namna hiyo huweza kuzifanya. Ikienda vizuri, fundi hupata mtaji wa kazi inayofuata. Ikirudi, mtaji huliwa.

SOKO LA BARABARA KUU

Wilaya hizi mbili zimekaa mahali pazuri kibiashara. Nyakanazi, iliyopo Biharamulo, ni njia panda ya magari yatokayo Kahama, yaendayo Kigoma kupitia Kakonko na Kibondo, na yaelekeayo Lusahunga. Kutoka Lusahunga barabara moja huenda Biharamulo mjini na Bukoba, na nyingine huenda Ngara na mpakani Rusumo. Ngara ina mipaka miwili ya biashara: Rusumo kuingia Rwanda na Kabanga kuingia Burundi.

Kwa hiyo wateja wa samani si wanavijiji peke yao. Wapo watumishi wa Serikali, walimu, wenye nyumba za wageni na migahawa ya barabarani, na wafanyabiashara wa mpakani. Wakulima wa kahawa nao huwa na fedha kuanzia katikati ya mwaka, msimu unapofunguliwa.

Hata hivyo, historia ya Ngara inamwonya mwekezaji asijenge karakana kwa kutegemea soko la ghafla. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama siku moja, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko miji yote ya jirani. Yalifika mashirika ya misaada, malori, wafanyakazi wenye mishahara, na biashara ikachangamka. Desemba 1996 wakimbizi wengi wa Rwanda walirejeshwa kwao, na sehemu kubwa ya wateja ikaondoka nao. Kilichobaki ni pamoja na ardhi iliyokatwa miti kwa ajili ya kuni na nguzo.

Somo hilo lina maana leo, watu wanapohesabu neema ya mradi wa nikeli wa Kabanga, ambao mkataba wake wa msingi kati ya Serikali na kampuni ya LZ Nickel ulitiwa saini Januari 2021. Mgodi unaweza kuleta wateja. Lakini fundi aliyenusurika miaka yote hiyo ni yule anayeuza pia kwa mwalimu na kwa mwenye mgahawa.

MBAO ZINATOKA WAPI

Mteja wa dainingi akiulizwa anataka mbao gani, jibu la kwanza huwa mninga. Ana sababu. Mninga ni mgumu wa kutosha, hukubali randa, una rangi nzuri, na zaidi ya yote hausinyai sana unapokauka. Ndiyo maana meza za mninga za zamani bado zimenyooka.

Tatizo ni kwamba mninga ni mti wa msitu wa asili na hukua polepole mno. Mti wa kutoa mbao nzuri huhesabiwa kwa makumi ya miaka. Misitu ya miyombo ya Biharamulo inayo miti hiyo, lakini uvunaji wake unatawaliwa na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Aidha, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipandishwa hadhi mwaka 2019 na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Humo hakuna biashara ya kukata mbao.

Mbao za mninga zisizo na hati zinaweza kuonekana rahisi. Kwa mfanyabiashara huo ni urahisi wa bandia, kwani shehena ikikamatwa inapotea yote, pamoja na faini. Fundi anayenunua ubao mmoja mmoja naye anapaswa kudai risiti, kwa kuwa ndiyo ushahidi wake wa pekee akiulizwa alikoupata.

Njia iliyobaki ni mbao za kupandwa. Paina na mikaratusi hupandwa katika mashamba ya watu mkoani Kagera, na grevilea huonekana katikati ya migomba na mibuni. Grevilea ina michirizi ya kupendeza na inafaa kwa samani. Paina ni nyepesi na rahisi kuchonga. Mkaratusi ni mgumu, lakini hupinda na kupasuka kwa urahisi usipokaushwa kwa uangalifu.

Hapo ndipo mambo yanapobadilika kwa fundi. Mninga ulikuwa unamsamehe aliyeharakisha kazi. Paina haisamehi.

UFA UNATOKEA VIPI

Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Kwa kawaida ubao huanza kusinyaa maji yake yanaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu. Ukikaa ndani ya nyumba, huendelea kukauka mpaka ulingane na hewa ya chumba, mara nyingi kati ya asilimia 12 na 14.

Ubao hausinyai kwa urefu kiasi cha kuonekana. Husinyaa kwa upana. Uso wa meza ya paina wenye upana wa sentimeta 90, ukitengenezwa ukiwa na maji asilimia 20 na kukauka hadi 12, unaweza kupungua sentimeta moja hadi moja na nusu. Kama umepigiliwa misumari kwenye fremu isiyosogea, hauna pa kwenda. Unapasuka.

Kagera hupata mvua za vuli kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, na za masika hadi Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Meza iliyoundwa katika mvua kwa mbao mbichi hukutana na kiangazi ikiwa tayari sebuleni kwa mteja, na malalamiko huanza hapo.

SETI MOJA INAKULA MBAO NGAPI

Kabla ya kuzungumzia faida, ni lazima vipimo vijulikane. Meza ya watu sita ni futi 6 kwa futi 3, kimo futi 2 na nusu. Kila mlaji anahitaji kama futi 2 za ukingo. Kiti huwa na kimo cha inchi 18 hadi mahali pa kukalia, ili magoti yapite chini ya fremu ya meza.

Uso wa meza unahitaji vipande vitano vya ubao wa inchi 1 kwa 8, vikiunganishwa ubavu kwa ubavu; mbao tatu za futi 12 zinatosha na kubakiza kipande kimoja. Fremu hutumia ubao mmoja. Viungo vya viti sita huchukua mbao tatu, na makalio mbao mbili. Miguu ya meza hutoka kwenye ubao mmoja wa inchi 3 kwa 3.

Miguu ya viti ndiyo hupima akili ya fundi. Mguu wa nyuma, unaopanda hadi kwenye egemeo, una urefu wa inchi 40 na huchongwa kutoka mbao ya 2 kwa 4 ili uweze kupinda kidogo. Mbao ya futi 12 hutoa miguu mitatu na kubakiza kipande cha inchi 24. Wengi hukitupa kwenye kuni. Kikipasuliwa katikati, hutoa miguu miwili ya mbele. Mbao nne za 2 kwa 4 hutoa miguu yote 12 ya nyuma na minane ya mbele. Ya tano humalizia minne iliyobaki.

Jumla ni vipande 15 vya futi 12: tisa vya 1 kwa 8, vitano vya 2 kwa 4, na kimoja cha 3 kwa 3. Hiyo ni takriban futi 10 za ujazo.

HESABU YA SETI MOJA

Bei hutofautiana kwa mji, msimu na aina ya mbao. Kwa hiyo takwimu zifuatazo ni mfano wa kufanyia hesabu, si bei ya soko. Kila msomaji aweke za kwake.

Chukua seti inayouzwa Sh 1,000,000. Mbao ni Sh 360,000. Gundi, msasa, skrubu, vanishi na vitambaa vya viti Sh 110,000. Usafiri na umeme Sh 50,000. Msaidizi anafanya kazi siku 10 kwa Sh 8,000, yaani Sh 80,000. Fundi anabaki na Sh 400,000 mkononi na kusema amepata faida.

Hajapata. Amefanya kazi siku 15. Kama siku yake ina thamani ya Sh 15,000, basi Sh 225,000 ni mshahara wake. Faida halisi ya karakana ni Sh 175,000, au asilimia 17.5 ya bei. Hiyo peke yake ndiyo inayoweza kununua mashine, kulipia hasara, au kumlipa mwekezaji.

Sasa weka gharama ya kukausha. Kama mbao za Sh 360,000 zitakaa miezi minne kabla ya kutumika, na fedha hizo zimekopwa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, gharama ya kusubiri ni Sh 43,200. Faida inashuka hadi Sh 131,800. Fundi mwenye haraka ataona hiyo ni fedha ya kuokoa.

Lakini pima upande wa pili. Meza ikirudi na ufa, uso mpya unahitaji mbao tatu, kwa wastani wa Sh 24,000 kila moja, yaani Sh 72,000. Kazi ya siku nne ni Sh 60,000. Kuichukua na kuirudisha kwa mteja Sh 20,000. Jumla Sh 152,000.

Katika meza saba, zikirudi mbili tu, gharama ni Sh 304,000. Kukausha mbao za seti zote saba kungegharimu Sh 302,400. Kwa maneno mengine, fundi ambaye meza zake mbili kati ya saba hurudi tayari analipa gharama yote ya kukausha mbao, na mbao kavu hana. Hapo hayajahesabiwa maneno ya mteja kwa majirani zake, na katika mji mdogo maneno hayo ndiyo tangazo la fundi.

KUKAUSHA BILA MASHINE

Tanuri la kukaushia mbao ni mtaji mkubwa kwa karakana ya nyumbani. Upepo haulipiwi. Mbao hupangwa juu ya magogo, futi moja na nusu kutoka ardhini, na kati ya safu na safu huwekwa vijiti vya unene wa inchi 1, kila baada ya futi 2. Vijiti vya juu na chini vinyooke mstari mmoja, vinginevyo mbao zitapinda. Juu huwekwa bati la kuzuia mvua na jua, pembeni huachwa wazi. Ncha za mbao hupakwa rangi iliyobaki, kwa kuwa ncha hukauka haraka kuliko sehemu nyingine na kuanza kupasuka.

Mbao za inchi 1 zilizopangwa mwishoni mwa masika zina kiangazi chote cha kukauka. Za inchi 2 na 3 huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo ndizo zinunuliwe kwanza.

Kujua kama zimekauka hakuhitaji kifaa cha gharama. Kata kipande kidogo mbali na ncha ya ubao na ukipime kwa mizani. Kikaushe kwa moto mdogo bila kukiunguza, ukipima tena na tena mpaka uzito usishuke. Kilichopungua kigawanywe kwa uzito wa mwisho. Kipande cha gramu 130 kilichoishia gramu 100 kilikuwa na maji asilimia 30: hakifai. Cha gramu 113 kilichoishia 100 kilikuwa na asilimia 13: kazi ianze.

KAZI YENYEWE

Mbao kavu pia inahitaji fundi anayeielewa. Miguu na fremu huungwa kwa ulimi unaoingia katika tundu, si kwa misumari. Kiti ndicho kinachoteseka zaidi, kwa sababu mtu huegemea nyuma na uzito wote huvuta kiungo cha mguu wa nyuma. Ulimi uliolegea hauokolewi na gundi nyingi. Kiungo kikishapakwa gundi kibanwe, na kiachwe mpaka kesho yake kabla ya kubebeshwa uzito.

Uso wa meza haupigiliwi. Hufungwa kutoka chini kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu, ili uweze kusogea kidogo masika na kiangazi. Vanishi ipakwe juu na chini. Meza iliyopakwa upande mmoja hunyonya unyevu upande mwingine na kujikunja. Mbao za pembeni zenye rangi nyeupe, zilizo karibu na gome, ziepukwe kwa kuwa wadudu huzipenda.

MTEGO WA MALIPO YA AWALI

Karakana nyingi hazina mtaji wa mbao. Fundi hupokea malipo ya awali, hukimbilia mbao zilizopo siku hiyo, na huanza kuchonga wiki hiyo hiyo. Mbao mbichi hutokana na mtindo huu zaidi kuliko ujinga wa fundi. Mbaya zaidi, malipo ya mteja mpya hutumika kumalizia seti ya mteja wa zamani, na oda zikipungua mwezi mmoja tu, fundi hukosa pa kukimbilia.

Hapa ndipo mwekezaji mdogo ana nafasi. Badala ya kumkopesha fundi fedha taslimu, anaweza kununua mbao zenye hati mwezi Mei, kuzipanga zikauke, na kumuuzia fundi kuanzia Septemba zikiwa tayari. Kwa mfano wa juu, mbao za Sh 360,000 zikiuzwa Sh 420,000 zingempa asilimia 16 na zaidi kwa miezi minne kabla ya gharama za banda na mbao zitakazopinda, na bado zingemwongezea fundi gharama ndogo kuliko nusu ya ukarabati wa meza moja. Hatari zake zinajulikana: wizi, moto, mchwa, na mbao zitakazoharibika. Aanze na mzigo wa seti mbili.

MPAKANI NA USHINDANI

Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo na daraja jipya vilipozinduliwa Aprili 2016, kuvuka kumekuwa rahisi zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa. Anayetaka kuvusha samani aulize kwanza forodha na ofisi ya TFS, kabla gari halijapakiwa.

Kwa upande wa ushindani, Julai 2022 Jumuiya ilianza ushuru wa asilimia 35 kwa kundi la bidhaa kutoka nje ya eneo hilo, zikiwamo samani. Hiyo ni ahueni kwa fundi wa ndani, lakini ushuru haumlindi mtu mwenye meza iliyopasuka. Mteja analinganisha meza mbili zilizo mbele ya macho yake.

CHA KUANGALIA

Anayetaka kununua dainingi, au kuweka fedha katika karakana, aombe kuona mambo matatu. La kwanza ni rundo la mbao: kama hakuna mbao zilizopangwa kwa vijiti, hakuna mbao kavu. La pili ni sehemu ya chini ya meza: misumari ni dalili mbaya. La tatu ni daftari linaloonyesha mbao, siku za kazi, na meza zilizorudi.

Fundi wengi wanayo mikono mizuri na hawana hilo la tatu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika karakana ya uani habari hiyo huja Agosti, ikiwa imebebwa juu ya baiskeli ya mteja mwenye hasira.